Dawa ya Ngongo

Siku wazee wa Mandawa walipokuja kuchukua jibu la posa yangu, mimi nilikuwa nimefungiwa chumbani kwa mama, nimekalia gunia la ufuta, nimepakwa mafuta mpaka nateleza. Kwetu Marambo msichana anayejibiwa posa haonekani, hasikiki, na akiweza hakohoi. Wageni wanatakiwa waamini kwamba ndani ya nyumba ile kuna binti mpole asiyejua hata bei ya chumvi. Wakati huo nilikuwa fundi cherehani mwenye kibanda changu sokoni Nachingwea, na mdomo wangu ulijulikana kuanzia stendi hadi Nambambo. Lakini siku ile nilikuwa mpole. Nilikuwa na simu mkononi na dirisha mbele ya macho, na kwa mtu wa aina yangu hivyo viwili vinatosha.

Dirisha la mama ni dogo, lina wavu wa mbu uliotoboka pembeni. Ukiweka jicho moja pale kwenye tundu unaiona baraza yote. Niliwaona wageni wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai: mshenga mwenye kofia nyeupe na sauti ya kukohoa kohoa, wazee wawili watatu, na katikati yao, amekunja miguu kwa heshima zote, bibi wa mwanaume. Huyo ndiye aliyenifanya nitoke jasho.

Mwanaume mwenyewe nilikuwa nampenda kijinga. Alikuwa fundi pikipiki Ruangwa, mwenye meno ya kucheka na vidole visivyotakata grisi, na akinipigia simu nilikuwa nashona vifungo upande usio wake. Lakini kwao haolewi mtu mpaka yule bibi aridhike. Na bibi yule alikuwa anaamini nuksi kuliko anavyoamini hospitali. Kaka yake mchumba wangu aliwahi kupeleka posa nyumba moja nzuri tu, mtungi wa maji ukapasuka mbele ya wageni bila kuguswa, bibi akasimama, akafunga mtandio, akasema, "Nuksi." Posa ikaishia hapo. Yule kaka mpaka leo akiona mtungi ananuna.

Kwa hiyo nyumbani tulikuwa tumejiandaa tusipasue kitu. Vikombe vyenye nyufa vilifichwa. Jogoo mwenye tabia ya kuwika ovyo alifunikwa tenga. Mama alifagia mpaka ardhi ikataka kulalamika. Na kitoweo kilikuwepo: beberu wa Bibi, mweupe mwenye baka jeusi jichoni, amefungwa nyuma ya jiko, akisubiri mjomba atoe jibu ili achinjwe, wageni wapate kula.

Bibi ninayemsema ni mama yake mama yangu. Beberu yule alimlea yeye kwa uji, maana mama yake alikufa akimzaa, na kwa malezi hayo alikua na adabu mbaya ya kuingia vyumbani bila hodi. Bibi alikubali kumtoa kwa ajili yangu. Asubuhi ya siku ile alimkuna kichwani akamwambia, "Wewe leo unaenda kuoza ntoto, usinitie aibu." Beberu akamla pindo la kanga.

Sasa hapa lazima nieleze neno moja, maana siku ile yote iliharibika na kutengenezeka kwa neno hilo. Neno lenyewe ni dawa.

Huku kwetu kwenye korosho, msimu ukianza, mtu akisema dawa peke yake, haulizwi dawa gani. Ni ile ya kupulizia mikorosho. Baba alikuwa na masalio yake kwenye kopo, kafungia stoo, kwa sababu sote tumeshaona mambo yake. Jirani yetu mmoja aliwahi kuacha ndoo aliyokorogea dawa, ng'ombe wake akairamba kwa kudhani ni maji ya chumvi. Adhuhuri haikumkuta. Kuku tumewazika, mbwa tumewazika, na mwaka mmoja niliokota kanga wa porini chini ya mkorosho, hana jeraha, macho wazi, nikalia njia nzima kumpeleka nyumbani. Hapa kwetu kusema "kanywa dawa" ni kusema mtu au mnyama anakufa.

Ila nyumbani kwetu kulikuwa na dawa nyingine, ya Bibi. Kila mwaka mabibo yakianza kuanguka, yale matunda yanayobaki korosho ikishanyofolewa, Bibi alikuwa anayaokota, anayakamua, anayaweka kwenye chungu kikubwa kibandani kwake, anakifunika kwa kawa, na kuyaacha "yapumzike." Yakishapumzika, kila jioni baada ya isha alikunywa kikombe kimoja akijishika kiuno. Aliita dawa ya mgongo. Yaani, aliita dawa ya ngongo, kwa sababu wazee wa kwetu herufi M ikigongana na herufi kama T, Z, K na G wanaigeuza N: mtoto anakuwa ntoto, mzee nzee, mkorosho nkorosho. Tulizoea. Nilipokua nikaenda mjini, nikapita mahali wanapouza uraka, ile pombe ya mabibo, pua yangu ikanishtua. Ilikuwa harufu ya kibanda cha Bibi. Nilirudi nyumbani nikamtazama, naye akanitazama, na tangu siku hiyo tukawa watu wawili tunaojua.

Baba hakujua. Baba ni mwadhini wa msikiti wetu, mtu ambaye akipita mlevi barabarani anavuka upande wa pili. Na Bibi kwake ni mama mkwe, ambaye huku kwetu humsogelei, humtazami usoni, na akikuomba kitu unakimbia kukileta. Kwa hiyo kila msimu ni Baba mwenyewe aliyebeba matenga ya mabibo kumpelekea mama mkwe wake atengeneze dawa. Mwaka mmoja mgongo ulimkaba yeye, Bibi akampelekea kikombe. Baba alilala usingizi mzito, akaamka amenyooka, akawa anasifia miti shamba mpaka kwa wenzake wa msikitini. Mimi nilikuwa natoka nje kwenda kucheka.

Basi mjomba alikuwa ameshafikia mahali pazuri. Mshenga ameomba maji ya kunywa, kwa maana ya mke, mjomba amejibu kwamba kisima kipo lakini kata inatafutwa, watu wanatikisa vichwa, na mimi dirishani jicho linaniuma kwa kutopepesa. Ndipo beberu akatokea.

Alitokea nyuma ya kibanda cha Bibi, kamba imekatika inaburuta, na alikuwa anakwenda upande upande. Miguu ya mbele ilikuwa na safari yake na ya nyuma ina yake. Alisimama, akautazama mkutano, akaamua kuusalimia. Akapita katikati ya mikeka, akakanyaga sahani ya karanga, akafika mbele ya bibi wa mwanaume, akapiga magoti. Kwa nukta moja hivi tulidhani ni adabu. Kisha mate yakamtoka mengi, akatikisika, akaanguka kwa ubavu miguu ikielekea turubai.

Bibi akatoka kibandani na kata mkononi, kanga imemshuka bega moja, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Kanywa dawa! Jamani mbuzi kanywa dawa!"

Najua sasa alichomaanisha, na aliyekuwa ndani ya ile kelele alikuwa mama anayemlilia mwanawe wa uji. Lakini barazani pale neno lilikuwa na maana moja tu. Mtu akasema "sumu," na sumu ikazunguka mkeka mzima.

Hapo ndipo uganga wa kila mtu ulipofunguka. Mmoja alitaka maziwa. Mmoja akataka mkaa uliosagwa. Mmoja akasema mayai mabichi, na jogoo akafunuliwa tenga ili watafute mayai, kana kwamba yeye ndiye anayetaga. Mama alikuja na tui la nazi la kupikia wali wa wageni, watu watatu wakamkamata beberu taya wakaanza kummiminia, naye anapiga chafya tui likawarudia usoni. Mshenga alikuwa amechomoa kisu. Alisema achinjwe sasa hivi kabla hajawa kibudu, maana akifa mwenyewe kitoweo kimepotea. Mzee mwenzake akamshika mkono: "Ukimchinja na sumu yake tukamla, nani atarudi Mandawa kusema posa imejibiwa?"

Na mtani wetu naye hakukawia. Ni jirani, Mngoni, na Wangoni na sisi Wamwera ni watani tangu vita vya mababu, kwa hiyo msiba wetu ni sherehe yake na sheria inamruhusu. Alijitupa chini kando ya beberu akaanza kulia kwa sauti ya matanga: "Maskini, umeondoka kijana! Hujaoa! Umewaachia nani majani!" Akadai sanda. Akauliza marehemu anadaiwa na nani. Alitaka mjomba atoe salamu za familia.

Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, ngumi mdomoni, kwa sababu katikati ya vurugu ile nilikuwa namwangalia mtu mmoja. Bibi wa mwanaume alikuwa amesimama. Taratibu alikuwa anafunga mtandio.

Simu ikatetemeka mapajani. Ni yeye, fundi wangu, aliyebaki Mandawa kwa sababu muoaji haendi kwenye jibu lake mwenyewe.

"Niaje huko? Jibu limetoka?"

Nikaandika, "Mbuzi kanywa dawa."

"Anaumwa nini?"

Niliitazama ile simu nikatamani kuitupa. "Dawa ya KUFA," nikaandika.

Akaandika: "Bibi yangu yuko vipi?"

"Kasimama."

"Mtandio?"

"Anafunga."

"Kimenuka," akaandika, na baada ya hapo hakuandika tena. Nilijua amekaa juu ya tairi mahali fulani, amejishika kichwa kwa mikono ile ya grisi.

Kilichotuokoa kwanza ni Baba kuwa na akili ya kupigia simu ofisi ya mifugo. Siku ile kijiji cha pili kulikuwa na chanjo ya kuku, na kabla mtani hajamaliza kuhesabu madeni ya beberu, pikipiki iliingia uani. Alishuka mwanamke mfupi mwenye buti za mvua na begi mgongoni.

Mjomba akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anakuja. "Tumemwita bwana mifugo," akasema.

"Ndiye mimi," yule mwanamke akajibu. "Mgonjwa yuko wapi? Na huyo anayelia ni nani?"

"Mfiwa," akasema mtani.

Alikuwa mtu wa Singida, hajamaliza mwaka huku kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Aliwafukuza wenye tui na maziwa. Aliwaambia mnyama asiyeweza kumeza vizuri ukimmiminia kitu kinaingia mapafuni, na hapo ndipo mnamuua kweli. Akamgeuza beberu akamlaza kifua chini, akamwekea mikeka iliyoviringishwa huku na huku asirudi ubavu, maana akilala ubavu tumbo litajaa hewa. Akamfunua macho. Akamsikiliza moyo. Akakunja uso.

"Kopo la dawa liko wapi? Nataka kusoma jina."

Baba akakimbia stoo. Alirudi amelibeba kopo kwa mikono miwili, uso umebadilika, na alikuwa na haki. Kopo lilikuwa limefungwa vile vile, kufuli la stoo zima, hata vumbi la juu halijaguswa.

"Hakunywa hii," akasema bwana mifugo.

"Sasa kanywa dawa gani?" akauliza Baba.

Bwana mifugo alitoa chupa ndogo kwenye begi akaiinua wote tuone. Alisema ile ni sindano ya kuzuia sumu ya mikorosho, ni kali, kama beberu kanywa sumu itamponya na kama hakunywa itamuua. "Siwezi kubahatisha. Nani alimuona akinywa?"

Vichwa vyote viligeuka kwa Bibi.

Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake, kata bado mkononi, na mimi niliyekuwa dirishani nikaanza kumwombea. Watu wanaomjua watanielewa. Bibi ni kungwi. Wasichana wa nusu ya kata yetu wamefundwa na yeye, mimi nikiwemo, na somo lake la kwanza ni kwamba mwanamke ni siri yake. Ndiye anayeitwa kusuluhisha ndoa. Ndiye anayewakemea wanaouza pombe karibu na msikiti. Na pale walikuwepo mkwewe mwadhini, wakwe watarajiwa, mtani mwenye mdomo usio na kufuli, na kijiji chote kimeshajaa ukutani kuchungulia. Akisema, heshima yake yote inamwagika siku moja. Akinyamaza, mbuzi anachomwa sindano ya kufa mbele ya bibi mwenye mtandio, na mimi narudi kushona vifungo nikiwa mtu wa nuksi maisha yangu yote.

Bwana mifugo akamsogelea, akainama. "Shikamoo, Bibi. Mbuzi kanywa dawa gani?"

"Marahaba. Kanywa dawa yangu."

"Dawa ya nini?"

Bibi akavuta pumzi. "Ya ngongo."

"Ya gongo?"

"Ngongo."

"Ndiyo, gongo. Kiasi gani?"

Gongo ni ile pombe kali ya haramu, na pale barazani kila mtu alilisikia. Mtani alikaa kitako, machozi yamekatika. Mshenga alirudisha kisu alani bila kujua anafanya nini.

"Siyo gongo, mwanangu. Ngongo! Ngongo huu hapa!" Bibi akageuka akajipiga mgongoni kofi lililosikika.

Bwana mifugo hakusubiri. Alirudi kwa beberu, akamfungua mdomo, akasogeza pua karibu kabisa, akavuta. Nikamuona uso wake unafunguka kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la mtihani. "Ni kweli!" akapiga kelele. "Hana sumu huyu! Ni gongo! Na ni gongo mbovu, ile ya vichochoroni!"

Wallahi, angeishia kwenye "gongo" tu, Bibi angenyamaza. Nafsi yangu inaniambia angenyamaza. Lakini alisema mbovu.

"Mbovu?" akasema Bibi. Aliweka kata chini. "Gongo? Mimi nipike gongo? Nusa tena! Nusa vizuri! Huo ni uraka, tena uraka wa mabibo mekundu, niliyookota asubuhi kabla ya jua, yasiyotiwa hata punje ya sukari ya dukani! Umepumzika vizuri kwenye chungu cha mama yangu! Uliza popote Marambo hii kama kuna uraka…"

Akayasikia maneno yake mwenyewe.

Mkono ukabaki hewani. Baba alikuwa anamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe. Mjomba alikuwa anatazama turubai. Na mimi, binti mpole, msichana asiyekohoa, nilicheka.

Sikucheka kwa adabu. Kicheko kilininyanyua kutoka kwenye gunia la ufuta, kikanitupa kwenye dirisha, wavu ukachanika, kichwa changu kikatoka nje na mafuta yake yote, nikicheka mpaka sina pumzi. Nilikuwa namuona Bibi, namuona beberu amelala kifua chini anawatazama watu kwa upendo, nacheka tena. Na mtani akaanza. Halafu mama. Bwana mifugo wa watu aligeuka akaegemea pikipiki mabega yanamtingishika.

Bibi wa mwanaume aliinua mkono. Tukanyamaza wote, mimi nikiwa bado nimekwama dirishani.

"Huyo anayecheka ni nani?" akauliza.

Mjomba akafuta uso kwa kiganja. "Ndiye… ndiye kisima chenyewe."

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kuogopa namna ile, na kicheko kilikuwa bado kinanitekenya kooni. Kisha akaanza kufungua mtandio.

"Nilisimama kwa sababu nilisikia sumu," akasema. "Sumu ina adui ndani yake, na nyumba yenye adui mimi sichukui mtoto. Hapa sijaona adui. Nimeona mbuzi kaanza harusi kabla yetu." Akakaa. "Mjomba, ulikuwa unasema kata inatafutwa."

Jibu likatolewa hapo hapo, kwa haraka isiyo ya kawaida, mjomba akihofia kitu kingine kisije kikatokea nyuma ya kibanda. Niliandika "NDIYO" kwenye simu nikatuma. Fundi wangu alinijibu kwa ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ni honi ya pikipiki, anaibonyeza tu, bila neno.

Lakini beberu alikuwa bado mgonjwa, bwana mifugo alitukumbusha, maana ulevi nao unaua mnyama tumbo likichacha. Akaomba magadi, akayayeyusha kwenye maji, akamnywesha kidogo kidogo yeye mwenyewe. Kisha akaamuru mgonjwa atembezwe. Kwa hiyo, mbele ya macho yangu, mshenga wa Mandawa alishika pembe ya kushoto na baba yangu, mwadhini, akashika ya kulia, na wakamzungusha mlevi uani, taratibu, wakimkumbusha hatua. Mlevi akajaribu kumlamba Baba sikio. Mtani alifuata nyuma akiimba wimbo wa kumsindikiza bwana harusi.

Hakuchinjwa. Mshenga alikumbuka kwamba mnyama aliyekula najisi hufungiwa kwanza, akalishwa majani safi mpaka atakate, ndipo aliwe. Wageni wakala kuku, na jogoo mwenye tabia ya kuwika alilipa madeni yake yote. Bwana mifugo alipewa paja. Alimwomba Bibi radhi kwa lile neno mbovu, Bibi akampokea radhi zake na kumjazia mabibo mabichi kwenye begi.

Baba alingoja jioni ifike. Baada ya magharibi alisimama mbali na kibanda, kama mkwe anavyopaswa, akitazama pembeni.

"Mama."

"Baba."

"Ile dawa uliyonipa mwaka ule mgongo uliponikaba…"

"Ulipona, hukupona?"

Baba akafikiri. "Nilipona."

"Basi."

Aliondoka. Siku iliyofuata alirudi kutoka mjini na kopo la dawa ya kuchua, ya duka la dawa, akaliacha mlangoni kwake. Bibi anajichua nayo hadi leo, na analalamika kwamba haina ladha.

Kijiji kilimcheka, sisemi uongo. Msimu mzima wasichana aliowafunda walimwamkia kwa kujishika viuno. Kuna nyumba iliyokuwa imwite kwenye unyago ikamwita mwingine, na hilo lilimuuma, niliona. Mimi nilikuwa nikimwambia asante, ananiambia nisimpambe, kwamba alishikwa na hasira tu, kwamba hakuna mtu angevumilia uraka wake uitwe gongo. Nilimwamini. Ilikuwa hadithi nzuri, nikaihadithia hivyo hivyo Mandawa nilipoolewa, watu wakaanguka kwa kicheko.

Ila kuna jambo moja la siku ile nililolisahau katikati ya kicheko, nikalikumbuka baadaye kabisa, nikiwa kwangu nasuka ukili, na likanifanya niuache ukili.

Wageni walipokuwa wanaondoka, bibi wa mume wangu alikwenda hadi kibandani kumuaga Bibi. Mimi nilikuwa nimeshatolewa dirishani, nimesimama karibu. Bibi alipaswa kumsindikiza mgeni hadi barabarani. Akasema, kwa heshima, polepole, "Nisamehe, mwenzangu. Mgongo wangu hauniruhusu."

Mgongo. M yake imekaa mahali pake, safi, kama ya mtangazaji wa redio.

Na bibi wa mume wangu akajibu, "Hata wangu," kisha akatupa jicho mle kibandani kwenye chungu.

Nilipokwenda kusalimia msimu uliofuata nilimkuta Bibi anamlisha beberu maganda. Beberu alishatakata, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja. Nikakaa naye chini. Nikamwambia nimekumbuka. Nikamwambia bwana mifugo alikuwa mgeni, asiyejua N zetu, na kwamba mtu aliyetaka gongo isikike, mbuzi apone, na yeye abaki akidai kwamba alitaja mgongo wake tu, angelitamka lile neno vile vile alivyolitamka. Mpango mzuri. Isingekuwa hilo neno mbovu, angeshinda kote kuwili.

Bibi aliendelea kumlisha beberu.

"Bibi, kumbe unaweza kusema mgongo."

Akanishika shavu kwa mkono wenye utomvu wa mabibo, akanitazama mpaka nikaona macho yake yamelowa, naye anacheka.

"Ngongo," akasema.